Bwawa Lililochimbwa Juu ya Masale

Maji kung'aa si ukuta kutakata.

Jana mlimsikia Mama Manka akimwambia shemeji yake maneno hayo pale uani, na shemeji mtu akaokota kofia yake akaondoka bila kuaga. Mkanijia mbio: "Bibi, ukuta gani? Maji gani?" Nikawaambia ningojeni nimalize kumenya ndizi. Haya, ndizi zimekwisha, maganda tumempa ng'ombe. Kaeni basi, na wewe wa mwisho funga huo mlango, baridi inaingia.

Lakini kwanza kitendawili. Mmesema tega? Ashinda majini, hatakati. Fikirini taratibu, msinipigie kelele. Jibu lake limo humu humu ndani ya hadithi, na methali yenyewe ilianza hivi.

Juu mlimani kule Uchagani, ambako nyumba zimejificha ndani ya migomba mpaka unasikia watu wakicheka usiwaone, palikuwa na mjane mmoja aliyeitwa Bibi Aikaruwa. Mungu alimjalia wana wawili. Mkubwa aliitwa Eliufoo, mdogo Anandumi. Baba yao kabla hajafa aliwagawia kihamba, lile shamba la ukoo ambamo watu huishi, hulima na kuzikana. Mkubwa akapewa upande wa juu. Mdogo, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, akapewa upande wa chini pamoja na nyumba ya wazazi, maana desturi ya huko ndiyo hiyo, kitinda mimba hurithi jiko la mama yake. Katikati mzee akapanda masale kwa mikono yake.

Masale mnayajua. Ni yale majani marefu mnayoyaona mipakani na kwenye makaburi. Sasa jani lake moja, isale, lina kazi nzito kuliko kulinda mpaka. Mtu aliyekukosea akikujia ameshika isale, huna ruhusa ya kumkatalia. Hata awe amekuumiza vipi, unalipokea na unasamehe. Anayekataa isale, wazee walisema, amejiitia laana nyumbani kwake.

Eliufoo alikuwa fundi wa majengo. Aliwajengea watu wa mijini mpaka mvi zikamwingia, ndipo akarudi kujijengea na yeye. Nyumba ilisimama, ikaezekwa, ikapakwa rangi, lakini moyo wake haukuwa kwenye nyumba. Ulikuwa kwenye bwawa la kuogelea. Alikuwa amewachimbia matajiri mabwawa mengi na kuyapachika vigae vya buluu, wala hakuwahi kutia hata kidole cha mguu humo. Akamwambia mkewe, Haikaeli, "Letu litakuwa la ukoo mzima. Krismasi watoto wote wataoga hapa, wa kwangu na wa Anandumi."

Shida ilikuwa mteremko. Upande wake wote uliinama kama paa. Palikuwa na mahali pamoja tu penye tambarare, ng'ambo ya masale, hatua chache ndani ya kihamba cha mdogo wake. Na Anandumi alikuwa mbali, akifundisha shule huko kusini, Lindi, akirudi Krismasi hadi Krismasi kama Wachaga wote. Eliufoo akajisemea, huyu nimembeba mgongoni, atakasirika kwa nini? Akachukua panga akakata masale ya baba yake, visiki akavifukia kwa kokoto na zege.

Mama yake alikuwa kwenye kigoda akichambua maharage alipoyaona yakianguka.

"Eliufoo, nani amekutuma?"

"Mama, hayo ni majani tu. Yataota kwingine."

Bibi Aikaruwa akainuka. Alichukua ungo wake akaingia ndani, na maharage ya jioni ile yalipikwa na mawe yake.

Krismasi ikaja, na Anandumi akaja na mkewe na watoto. Alisimama kando ya maji yale ya buluu muda mrefu, begi lake bado begani. Akatazama huku, akatazama kule, kama mtu aliyepoteza mlango wa kwao. Eliufoo akamjia mbio mkononi ana isale, amelichuma kwenye kaburi la baba yao.

"Mdogo wangu, nimekosa. Nisamehe."

Anandumi alilitazama lile jani. Angefanya nini? Akalipokea, akalikunja, akalitia mfuko wa koti. "Nimekusamehe, kaka," akasema. Wakala ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa, wakanywa mbege, pombe ya ndizi. Lakini watoto wa Anandumi hawakuingia kwenye bwawa. Baba yao alisema wana mafua.

Mpaka ulibaki pale pale majini.

Sasa maji nayo yana tabia zake. Eliufoo alijaza bwawa lake kwa mfereji unaoshuka mlimani, na mfereji ule kabla haujafika kwake umepita kwenye migomba ya watu, umebeba udongo na samadi ya ng'ombe. Kwa mwani, ule ukijani unaoota majini, huko ni kuandaliwa meza. Mvua za masika zilipokwisha, maji yakaanza kugeuka. Kwanza yakawa kama chai ya majani mabichi, halafu kama mboga ya mnavu iliyosagwa, na kuta zikavaa ute wa kijani unaoteleza kama bamia. Na kila mara ulianzia mahali pamoja, ukuta wa chini, upande wa kwa Anandumi.

Eliufoo akaleta klorini. Akawasha pampu, akasafisha chujio, akamwaga dawa mpaka macho ya mkewe yakawa mekundu jikoni. Maji yakang'aa. Akashukuru Mungu. Baada ya muda mfupi ukijani ukarudi, ule ule, ukuta ule ule. Akamwaga tena.

Basi yakawa ndiyo maisha. Mwaka mzima bwawa likivaa kijani, Desemba dawa inamwagwa, maji yanang'aa. Anandumi anashuka kwenye basi, kaka yake anamjia na isale, jani linapokelewa, linakunjwa, linaingia mfukoni. Januari Anandumi anarudi Lindi, na ukijani unarudi ukutani. Majirani wakawa wakitaniana, "Mwani wa Eliufoo ni Mkristo safi, unajificha Krismasi tu."

Aliyekuwa hacheki ni Bibi Aikaruwa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na pumzi ikawa inamkatikia njiani kutoka jikoni hadi kitandani. Alijua anakokwenda. Siku moja alimwita Eliufoo akamwambia waziwazi.

"Mwanangu, mimi sina ninachodai tena duniani. Nataka kitu kimoja. Siku ya kunifukia, wewe na mdogo wako mshike koleo moja, na macho yenu yatazamane. Nikiondoka mkiwa hivi, sitalala."

"Mama, si nimeshampa isale? Mara ngapi?"

"Umempa. Nimeona." Akageuza uso dirishani. "Na hayo maji yako, umesugua?"

"Siku hizi hatusugui, Mama. Kuna dawa."

"Mimi kibuyu cha maziwa nikikisuuza tu, kinanukia vizuri asubuhi. Maziwa ya jioni yanachacha. Mpaka nitie kijiti ndani nikwaruze." Halafu, maana alikuwa kama mimi, hawezi kukaa bila kutega, akasema, "Kitendawili. Ashinda majini, hatakati."

"Chura," Eliufoo akacheka.

"Si chura. Nenda kafikiri."

Mwaka ule hakufikiri. Alisikia tu kwamba mama yake anaondoka, akataka Krismasi iwe kubwa kuliko zote. Bwawa lilikuwa baya kupita kiasi, vyura walizaana humo. Akamimina dawa bila huruma. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, kisha uchafu ukazama, kisha yakang'aa. Mkesha wa Krismasi ungeweza kuhesabu vigae vya chini. Haikaeli alishuka ngazi ya kwanza akarudi upesi.

"Baba Oforo, hapa chini panateleza," akamwambia mumewe.

"Ni unyevu."

"Ukuta umeushika?"

"Nani anakuja kushika ukuta, Haikaeli? Watu wanakuja kuona maji."

Anandumi akaja. Isale likatolewa, isale likapokelewa. Safari hii, kwa ajili ya mama, watoto wake waliruhusiwa kuoga. Baada ya ibada uwanja ulijaa kelele ambazo nyumba ile haikuwa imezisikia. Wajukuu wa pande zote mbili walikuwa ndani ya maji pamoja, wakirushiana, na Bibi Aikaruwa akiwa kwenye kiti chake alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Kisha akasema neno lililowashtua wote.

"Na mimi nataka kutia miguu."

"Mama, maji ni baridi," Anandumi akasema.

"Nimezaliwa kwenye baridi. Nitieni miguu nibarikiwe na wajukuu zangu. Eliufoo shika huku. Anandumi shika huku."

Eliufoo akashika mkono wa kulia. Anandumi alikuwa bado na lile jani mkononi, hajalikunja. Akasita kidogo, akalihamishia mkono mwingine, akaushika mkono wa kushoto wa mama yake. Basi mama akawa katikati yao, kitu alichokiomba miaka yote, na akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Mguu haukupata mahali. Uliteleza kama umekanyaga ini. Bibi alikwenda chini na kuwavuta wote wawili, na nyonga yake ikagonga ukingo wa ngazi kwa mlio ambao Haikaeli alisema aliusikia mpaka jikoni.

Watoto wakapiga mayowe. Wana wawili walikuwa majini na nguo zao za kanisani, mama yao katikati, mzito kwa vitenge vilivyolowa.

"Shika ukuta, kaka! Shika ukuta nimwinue!"

"Haushikiki! Unateleza!"

"Shika kwa kucha!"

Wakahangaika, wakiteleza, wakizama na kuibuka, mpaka majirani wakarusha kamba ya ng'ombe. Wakamtoa. Alikuwa hai, lakini mguu wake mmoja ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali.

Wakati Haikaeli anamfunika blanketi, Eliufoo alisimama akisema ovyo kama mtu mwenye homa. "Maji ni safi. Mlioga wenyewe. Mnaona, maji ni safi kabisa."

Anandumi akanyoosha kiganja chake mbele ya uso wa kaka yake. Kilikuwa kijani mpaka kwenye mikunjo, kinanuka kinamasi.

"Kaka, yaangalie maji yako. Yanang'aa. Na huu ndio ukuta wako. Kumbe maji kung'aa si ukuta kutakata."

"Anandumi, si sasa. Mama anaumwa."

"Sasa ndiyo sasa. Na hayo masale yako unayoniletea kila mwaka ni hii dawa yako. Unanimwagia, nang'aa mbele ya watu, tunakula ndafu. Umewahi kusugua? Umewahi hata siku moja kuniuliza baba alipanda mpaka wapi?"

Majirani walikuwa wote wamesikia, na tangu siku ile maneno yale hayakukaa tena ndani ya kihamba kile.

Hospitali walipiga picha, wakasema nyonga imevunjika na moyo wa bibi hauwezi kisu. Wakamrudisha nyumbani alale. Anandumi alikaa hadi shule zilipokaribia kufunguliwa, akimlisha mama yake uji kwa kijiko, bila kusema na kaka yake zaidi ya salamu. Asubuhi aliyoondoka Eliufoo alikuta lile isale la Krismasi limeachwa kando ya bwawa, ukingoni, halijakunjwa. Limekauka. Akalishika kwa muda mrefu. Jani lililorudishwa, wajukuu zangu, hakuna mzee aliyewahi kumfundisha lifanywe nini.

Akaacha kumwaga dawa. Akayafungulia maji yote yakaenda bondeni, na bwawa likabaki shimo linalonuka, kuta zake zimevaa kijani mpaka juu. Akanunua brashi ya waya, akavua viatu, akashuka akapiga magoti, akaanza kwenye kona. Ukoo mzima ulidhani amechanganyikiwa. Mtu mzima, fundi aliyekuwa akituma wengine, kutwa nzima yuko shimoni anakwaruza. Sehemu nyingine ute ulitoka kirahisi kama ngozi ya maziwa. Sehemu nyingine ulikuwa umeshika ndani ya saruji, ukikwaruza unatoka kidogo, chini yake kuna mwingine mweusi. Hapo ndipo alipoona kwa nini dawa yake yote ilipotea bure. Ute wa juu ulikuwa blanketi. Dawa iliua blanketi, na aliyelala chini yake hakuguswa hata unywele.

Bibi Aikaruwa alisikia kutoka kitandani.

"Ni nini hicho kinalia kama panya?"

"Baba Oforo anasugua bwawa," Haikaeli akamwambia.

Bibi alifumba macho. "Aika, asante, Mungu wangu. Nifungulieni dirisha."

Ikawa analala kwa mlio ule. Ukinyamaza, anaamka anauliza kama amechoka.

Kona baada ya kona Eliufoo akafika ule ukuta wa chini, upande wa kwa Anandumi, pale mwani ulipokuwa ukianzia kila mara. Akasugua, ukatoka. Kesho yake palikuwa pamelowa tena, na bwawa halina maji! Akachukua patasi akagonga. Zege likabomoka, na nyuma yake akakuta ufa, na ndani ya ufa mizizi ya manjano imesokotana kama kamba. Vile visiki vya masale alivyovifukia nyuma ya ukuta huu vilikuwa hai. Vilisukuma zege gizani miaka yote hiyo, vikaupasua ukuta, na maji machafu ya ardhini yakawa yanapenya humo, yanalisha mwani. Chipukizi moja lilikuwa limeshatoa jani ndani ya ufa, jeupe kwa kukosa jua.

Alikaa kwenye sakafu ya bwawa akalia peke yake. Kisha akaenda kwa mama yake na matope yake.

"Mama, nimeyakuta masale ya baba. Hayakufa."

"Najua hayafi." Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. "Na kitendawili changu?"

"Ni mwani, Mama. Ashinda majini, hatakati."

"Na mwingine?"

Eliufoo akainamisha kichwa. Bibi akapeleka mkono wake kwenye kichwa kile chenye mvi na vumbi la saruji. Hakumlazimisha kujitaja.

Siku hiyo hiyo Eliufoo alimpigia simu mdogo wake. "Anandumi, sikupigii kuomba msamaha. Nimeomba sana, nimekuchosha. Nabomoa bwawa upande wako. Njoo unionyeshe mpaka wa baba, nisikosee tena hata shubiri."



"Umesugua?" Anandumi akauliza.

"Nimesugua mpaka nimekuta mizizi."

"Nitakuja Pasaka, shule zikifungwa. Mwambie Mama anisubiri."

Alimwambia. Bibi akasema atajaribu. Lakini masika yaliwahi mwaka ule, baridi ikashuka na ukungu mpaka milangoni, na pumzi ya bibi ikawa fupi siku hadi siku. Eliufoo alibomoa kwa haraka, nyundo mchana kutwa, akibeba vifusi kwa mikono, akimwambia mama yake kupitia dirishani, "Bado kidogo, Mama. Bado kidogo." Adhuhuri moja yenye mvua aliita hivyo, na hakuna aliyejibu. Haikaeli akatoka mlangoni, amejifunga khanga kiunoni, akatikisa kichwa.

Anandumi alifika siku ya maziko. Walimlaza mama yao migombani, kando ya baba yao. Mchungaji alipomaliza, mmoja akachukua koleo, na mwingine akaweka mkono juu ya mpini ule ule, wakatupa udongo wa kwanza pamoja. Macho yao yalitazamana. Kile mama alichokitaka kilifanyika, naye alikuwa chini ya ubao.

Watu walipotawanyika Eliufoo hakushika jani lolote. Alimchukua mdogo wake mpaka bwawani. Nusu ilikuwa imebomolewa na kufukiwa, na juu ya udongo mpya yale machipukizi yalikuwa yamesimamishwa kwa mstari, membamba, yamelowa mvua. Nusu nyingine ilikuwa shimo kavu. Anandumi akashuka humo na viatu vyake vya msibani. Akapitisha kiganja ukutani polepole, kutoka kona hadi kona, akakigeuza akakitazama.

"Ukuta umetakata, kaka."

"Umetakata. Lakini Mama aliyeuliza hayupo."

Wakasimama pale mvua ikiwanyeshea, mpaka Haikaeli akawaita waje wale.

Bwawa lile halikujazwa tena. Siku hizi kuna migomba humo, na masale yamekuwa marefu kuliko mtu. Lakini ukipita njia ile jioni utamwona mzee mmoja anasimama kwenye dirisha la chumba cha mama yake, amelifungua wazi, kama vile kuna kitu anataka kisikike ndani.

Kwa hiyo Mama Manka hakumtukana shemeji yake, msije mkasema amemtukana. Amemwambia tu, umekuja na maneno matamu na soda za watoto, lakini lile jambo liko pale pale ulipoliacha. Aende akatafute brashi, tena aende mapema, mwenye kusubiri akiwa bado anapumua. Maji kung'aa, wajukuu zangu, si ukuta kutakata.